Unasikia Nini Begani? Hisi ya Mkao, Hisi ya Mtetemo na Utata wa Kitenzi 'Kusikia'

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hisi mbili za bega ambazo hazimo katika orodha yetu ya milango mitano ya fahamu, nazo ni hisi ya mkao wa kiungo na hisi ya mtetemo. Yanaeleza jinsi hisi hizo zinavyofanya kazi na jinsi zinavyopimwa. Kisha yanaonyesha kwamba vitenzi ambavyo Kiswahili huvitumia kuzitaja, hasa 'kusikia', 'kuona' na 'kuhisi', vimebeba maana nyingi kiasi cha kuweza kukiharibu kipimo chenyewe. Mwishoni, makala yanapendekeza namna ya kuuliza na istilahi za kutumia.

1. UTANGULIZI

Mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara: taaluma yako ina manufaa gani nje ya darasa? Jibu la kawaida hutaja ualimu, uandishi wa habari na tafsiri. Makala haya yanaongeza jibu jingine, na chanzo chake ni tukio lililomfika mjomba wangu.

Mjomba ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Bega lake la kulia lilikuwa limeteguka mara mbili, na baada ya mara ya pili nilimsindikiza hospitalini. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mpole na mwenye subira. Alimwomba mjomba afumbe macho, akakigonga kile chuma chenye ncha mbili kiitwacho uma wa sauti, akakisimamisha juu ya mfupa wa bega. "Unasikia?" aliuliza. "Nasikia," mjomba akajibu. Tabibu akakihamishia bega la pili. "Na hapa?" "Nasikia vilevile." Kisha akaushika mkono, akauinua kidogo, akauliza kama uko juu au chini. Mjomba akajibu sawasawa. Ikaandikwa kwamba hisi za bega ni timamu, nasi tukarudi nyumbani.

Njiani nilimuuliza mjomba alichokisikia. Akacheka. "Si kile chuma? Kilikuwa kinalia kama nyuki karibu na sikio langu." Na mkono je, alijuaje kwamba umeinuliwa? "Shati lilinivuta mgongoni."

Wiki chache baadaye, akiwa ghalani penye giza, aliunyosha mkono kuupokea mfuko na bega likateguka mara ya tatu. Sidai kwamba swali la tabibu ndilo lililolitegua. Bega lililoteguka mara mbili lina sababu nyingi za kuteguka tena. Ninalodai ni kwamba siku ile hisi za mjomba hazikupimwa. Lililopimwa ni sikio lake na shati lake, na aliyeliruhusu kosa hilo ni kitenzi kimoja cha Kiswahili. Ili tuone lilivyotokea, ni sharti kwanza tulielewe bega, kisha tuzielewe hisi zake, ndipo tuirudie lugha.

2. BEGA NA MAJINA YAKE

Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa zaidi wa kusogea katika mwili wa binadamu. Mkono huenda mbele, nyuma, juu, kando, na kuzunguka. Uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kama mpira uliokalia kisahani kidogo kilichomo katika kombe la bega, na wakati wowote ule ni sehemu isiyozidi thuluthi moja ya mpira huo inayogusana na kisahani. Nyonga haiko hivyo, kwa kuwa mpira wake umezama ndani ya kikombe. Bega hushikiliwa mahali pake na mfuko wa kiungo, kano, na misuli minne inayolizunguka karibu. Misuli hiyo haiwezi kufanya kazi yake bila kupashwa habari kila wakati kuhusu mahali mkono ulipo. Ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa, na zaidi ya mara tisa katika kumi huteguka kuelekea mbele.

Tuyatazame majina yenyewe. Kiswahili kina 'bega', na wazee wengine hutumia 'fuzi'. Kina 'mtulinga' kwa mfupa ulio kati ya shingo na bega, na 'kombe la bega' au 'kombe la mkono' kwa mfupa mpana wa nyuma. Hadi hapo hatuna upungufu. Upungufu unajitokeza katika maneno mawili yanayotumika zaidi. La kwanza ni 'mkono', ambalo hutaja kiungo kizima tangu begani hadi ncha za vidole. Mgonjwa anayesema "mkono wangu umekufa ganzi" huenda anazungumzia kiganja, kigasha au bega. La pili ni 'kiungo', ambalo ni mahali mifupa miwili inapokutana, tena ni sehemu yoyote ya mwili, tena ni kitiwacho mchuzini, na siku hizi ni mchezaji wa katikati uwanjani. Katika makala haya, 'kiungo' litatumika kwa maana ya kwanza pekee.

Hali kadhalika neno 'mshipa'. Katika matumizi ya kila siku hutaja mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na hata kano na msuli. Kwa kuwa tutazungumzia njia za hisi, tutatumia neno 'neva' lililotoholewa, ili msomaji asije akadhani kwamba hisi husafirishwa na damu.

3. HISI YA MKAO

Hebu msomaji afumbe macho, ainue mkono mmoja kandoni hadi usawa wa bega, kisha auache hapo. Bila kutazama, anajua mkono uko wapi. Akiambiwa auinue mkono wa pili hadi usawa uo huo, atakaribia sana. Hakuona, hakusikia sauti, hakugusa kitu, hakunusa wala hakuonja. Milango yote mitano imefungwa, na bado habari imefika. Habari hiyo ndiyo hisi ya mkao wa kiungo.

Wataalamu walichelewa kuitambua kwa sababu haijitangazi. Mwaka 1826 Charles Bell wa Uingereza alieleza kwamba baina ya ubongo na msuli pana mzunguko: neva moja hupeleka amri na nyingine hurudisha habari za hali ya msuli. Mwaka 1906 Charles Sherrington, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, aliipa elimu hiyo istilahi iliyodumu hadi leo. Aliiunda kutokana na neno la Kilatini *proprius*, lenye maana ya '-a mwenyewe', akiutaja uwezo wa mwili kuzipokea habari za mwili wenyewe. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba hata Kiingereza hakikuwa na neno la hisi hiyo hadi lilipoundwa.

Je, habari hiyo hutoka wapi? Kwa miongo kadhaa wengi waliamini kwamba hutoka ndani ya kiungo chenyewe, katika mfuko unaokizunguka. Mwaka 1972 Goodwin, McCloskey na Matthews walichapisha jaribio lililoyabadilisha mawazo hayo. Waliutetemesha ukano wa msuli wa mbele wa mkono kwa takriban mitetemo 100 kwa sekunde huku mhusika akiwa hauoni mkono wake. Mhusika alihisi kiwiko chake kikinyoka zaidi ya kilivyonyoka kweli. Mtetemo ulikuwa umezisisimua nyuzi maalumu zilizomo ndani ya msuli, ambazo kazi yake ni kuuarifu ubongo urefu wa msuli. Ubongo ulipopokea mlio wa nyuzi hizo ulidhani msuli umevutwa, ukakata shauri kwamba kiwiko kimenyoka. Mwaka 1988 James Lackner alionyesha matokeo ya ajabu zaidi: mtu aliyeishika pua yake huku msuli huohuo ukitetemeshwa aliweza kuhisi pua yake ikirefuka. Kama mkono unakwenda mbali na bado vidole vimeishika pua, basi pua haina budi kurefuka. Ndivyo ubongo unavyosababu.

Leo inakubalika kwamba nyuzi za ndani ya misuli ndizo chanzo kikuu. Vipokezi vya kano, vya ngozi na vya mfuko wa kiungo huchangia pia, na vile vya mfuko huchangia hasa kiungo kinapokaribia mwisho wa mwendo wake. Hapa ndipo bega linapohusika zaidi. Linapoteguka, mfuko na kano zake huvutwa au kuchanika, na vipokezi vilivyomo huathirika. Mwaka 1989 Smith na Brunolli walionyesha kwamba bega lililowahi kuteguka kuelekea mbele hutambua mwendo vibaya kuliko bega zima la mtu yuleyule. Mwaka 1994 Lephart na wenzake walipata tofauti hiyo kwa mabega yasiyo imara, lakini hawakuiona kwa mabega yaliyokwisha kurekebishwa kwa upasuaji. Uchovu pia hupunguza hisi hii. Mchukuzi aliyebeba mizigo tangu alfajiri haujui mkono wake jioni kama alivyoujua asubuhi.

Huenda msomaji akadhani kwamba vidole, kwa wepesi wake, ndivyo vyenye hisi kali zaidi ya mkao. Kwa kipimo cha nyuzi za pembe, mambo ni kinyume. Hall na McCloskey walionyesha mwaka 1983 kwamba bega na kiwiko hutambua mzunguko mdogo zaidi kuliko kiungo cha kidole. Sababu inaweza kuelezwa kwa hesabu rahisi. Mkono wenye urefu wa sentimita 70 ukizungushwa begani kwa nyuzi 1, ncha yake husogea zaidi ya sentimita 1. Ukizungushwa kwa nyuzi 5, husogea takriban sentimita 6. Kosa dogo begani ni kosa kubwa kiganjani. Kwa hivyo bega halina nafasi ya kukosea.

Kuhusu thamani ya hisi hii, ushahidi ulio wazi kupita wote ni wa Ian Waterman wa Uingereza. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 19, ugonjwa ulimwondolea hisi ya mguso na hisi ya mkao kuanzia shingoni kushuka chini. Misuli yake haikupooza, lakini hakuweza hata kuketi, kwa maana hakujua viungo vyake vilipo. Alijifunza upya kutembea kwa kuitazama miguu yake kila hatua, na daktari Jonathan Cole aliyaandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1991. Taa zikizimika, Waterman huanguka.

4. HISI YA MTETEMO

Hisi ya pili ni ya kutambua kwamba kitu kilichogusana na mwili kinatetemeka. Ngozini na katika tishu za ndani, zikiwemo zile za karibu na viungo, mna vipokezi vidogo vyenye matabaka kama ya kitunguu, vinavyojulikana kwa jina la Mwitaliano Filippo Pacini aliyevieleza katika karne ya 19. Vipokezi hivyo havijali mguso uliotulia bali mguso unaobadilika kwa haraka. Hufanya kazi vizuri zaidi penye mitetemo kati ya 200 na 300 kwa sekunde. Uma wa sauti unaotumiwa na matabibu hutetemeka mara 128 kwa sekunde, kiwango ambacho vipokezi hivyo hukitambua bila shida.

Kwa nini hisi ya mkao na hisi ya mtetemo zipimwe pamoja? Ni kwa sababu zinasafiri pamoja. Neva zinazozibeba huingia katika uti wa mgongo, zikapanda upande uleule wa nyuma bila kuvuka, zikafika chini ya ubongo ndipo zikavuka upande wa pili, kisha zikaendelea hadi gamba la ubongo. Hisi ya maumivu na ya joto hufuata njia nyingine, kwani huvuka mapema ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Kwa hivyo mtu anaweza kupoteza hisi ya mkao na ya mtetemo na bado akalia akichomwa sindano. Upungufu wa vitamini B12 huiharibu njia ya mkao na mtetemo. Kisukari nacho huziharibu neva ndefu zaidi kwanza, ndiyo sababu ganzi yake huanzia miguuni.

Hata hivyo, hisi hizi ni ndugu na si pacha. Jeraha la gamba la ubongo linaweza kuiondoa hisi ya mkao na kuiacha ile ya mtetemo. Kwa upande mwingine, chimbuko lao lina uhusiano wa karibu. Ardem Patapoutian, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius, aligundua pamoja na wenzake protini iitwayo PIEZO2, ambayo hufunguka inapobanwa au kuvutwa na hivyo kuuanzisha ujumbe wa neva. Mwaka 2016 walielezwa wagonjwa wawili waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya protini hiyo. Hisi yao ya mkao ilikuwa imeharibika vibaya, na vilevile uwezo wao wa kutambua mtetemo.

5. NAMNA HISI HIZI ZINAVYOPIMWA BEGANI

Mtetemo hupimwa kwa kuusimamisha mguu wa uma juu ya mfupa ulio karibu na ngozi. Kwa kawaida tabibu huanza kwenye kidole gumba cha mguu au ncha ya kidole cha mkono. Mgonjwa asipoutambua mtetemo hapo, uma hupandishwa kiungo baada ya kiungo: kifundo, kiwiko, hatimaye ncha ya bega au mtulinga. Bega basi huwa ndicho kituo cha mwisho cha safari ya mkono. Pia bega moja huweza kulinganishwa na jingine. Ni vyema kukumbuka kwamba mfupa huusambaza mtetemo, kwa hivyo kipimo cha begani hakionyeshi kwa usahihi mahali hasa palipo na kasoro. Hutumika kulinganisha tu.

Mkao hupimwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuusogeza mkono wa mgonjwa polepole huku amefumba macho, naye aseme pale atakapotambua kwamba unasogea na unaelekea wapi. Ya pili ni kuuweka mkono mahali fulani, kuurudisha, kisha kumwomba mgonjwa aupeleke mwenyewe palepale, au auonyeshe mkao huo kwa mkono wa pili. Tofauti baina ya mkao uliokusudiwa na uliofikiwa hupimwa kwa nyuzi. Mwanafunzi wa sarufi atatambua hapa kauli za vitenzi alizozisoma. Katika njia ya kwanza mkono *unainuliwa*, katika ya pili mgonjwa *anauinua*. Anayechanganya kauli hizi katika maelezo yake amechanganya vipimo viwili tofauti.

Katika vipimo vyote, masharti ni yaleyale: macho yafumbwe, nguo iondolewe begani, na anayeushika mkono aushike pande mbili kwa wepesi, asije akausukuma kwa kiganja na kumpa mgonjwa dokezo la ngozi. Katika kisa cha mjomba, shati lilikuwa limekwisha kulijibu swali kabla ya bega.

6. VITENZI VITATU NA MITEGO YAKE

Sasa tumefika kwenye lugha. Kipimo cha hisi hutofautiana na kipimo cha damu. Damu hupelekwa maabara na kimya chake hakidhuru. Hisi haina maabara ila kinywa cha mgonjwa. Swali likiwa na utata, jibu litakuwa na utata, nao utata huo utaandikwa kama ukweli wa mwili.

Mtego wa kwanza ni 'kusikia'. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu, na pia mtoto mtiifu husikia aambiwalo. Upana huo ni utajiri wa lugha, wala si kasoro. Isitoshe, unafanana na ulivyo katika lugha nyingine nyingi za Kenya. Kitenzi cha Kikuyu *kũigua* na cha Kijaluo *winjo* navyo hubeba maana ya kusikia kwa sikio na ya kuhisi kwa mwili. Kwa hivyo Mkenya ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza hatasaidiwa na lugha ya mama kuutatua utata huu. Atauleta nao.

Ukimuuliza mtu "Unasikia?" huku umemwekea begani chuma kinacholia, umemuuliza maswali matatu kwa pamoja: Je, unausikia mlio wake? Je, unakisikia kikikugusa, au ubaridi wake? Je, unausikia mtetemo? 'Nasikia' ni jibu sahihi kwa lolote kati ya hayo, na mgonjwa hana njia ya kujua lipi linakusudiwa. Kidoleni mwa mguu hatari ni ndogo, kwa kuwa sikio liko mbali. Begani, sikio liko umbali wa shubiri moja tu. Mjomba hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa.

Mtego wa pili ni 'kuona'. Twasema 'naona baridi', 'naona haya', 'naona kizunguzungu'. Kitenzi hiki nacho kimepanuka hadi kwenye hisi za mwili. Lakini mtu aliyeamriwa afumbe macho kisha akaulizwa "Unaona chochote?" aidha atacheka au atafumbua macho.

Mtego wa tatu ndio uliofichika zaidi, nao ni 'kuhisi', kitenzi ambacho wengi wetu tungekishauri kama tiba. Ni kweli kwamba 'kuhisi' hakihusiani na sikio. Lakini kina maana nyingine ya kudhani au kushuku: 'nahisi mvua itanyesha', 'nahisi ameondoka'. Tabibu anapouinua mkono na kuuliza "Unahisi mkono uko wapi?" mgonjwa anaweza kulichukua kama mwaliko wa kukisia. Na makisio ndiyo hasa tusiyoyataka, kwa sababu swali lenye majibu mawili tu, juu au chini, hukisiwa sawasawa mara moja katika kila mbili.

Suluhisho, kwa maoni yangu, si kusaka kitenzi cha nne. Ni kubadilisha umbo la swali, ili kitenzi cha hisi kisibebe mzigo wote. Kwa mtetemo, mgonjwa kwanza aonjeshwe tofauti mahali ambapo hisi yake ni nzima: uma unaotetemeka na uma uliozuiwa. Kisha aulizwe: "Chuma hiki kinatetemeka au kimetulia?" Tabibu achanganye mara za kutetemeka na za kutulia bila mpango unaobashirika. Halafu amwombe: "Sema 'basi' mtetemo utakapokoma." Anayejibu kwa sikio ni rahisi kumgundua, hasa uma ukiguswa na kuzimwa kimya kimya. Kwa mkao, mgonjwa aulizwe: "Mkono wako unasogea au umetulia? Unaelekea wapi?" na aambiwe waziwazi: "Kama hujui, sema sijui." Bora zaidi, asiulizwe kwa maneno hata kidogo, bali aonyeshe kwa mkono wa pili.

7. SUALA LA ISTILAHI

Katika ngazi ya uandishi wa kitaaluma tunahitaji majina yaliyotulia. Tunaweza kuzitazama njia nne kwa kutumia baadhi ya vigezo vya PEGITOSCA ambavyo wanafunzi wa leksikografia wanavifahamu.

Ya kwanza ni utohozi: 'propriosepsheni'. Umbo hili lina sura ya kimataifa, lakini halina uangavu wowote kwa msomaji wa Kiswahili. Silabi zake zote sita hazimwambii chochote kuhusu bega wala mkono.

Ya pili ni 'mlango wa sita wa fahamu' au 'hisi ya sita'. Lina mvuto, ila 'hisi ya sita' imekwisha kutumiwa kwa maana ya machale, yaani kulijua jambo kabla halijatokea. Kulitumia begani ni kuukimbia utata mmoja na kuukimbilia mwingine.

Ya tatu ni kirai cha maelezo: 'hisi ya mkao wa kiungo', 'hisi ya mtetemo'. Ni angavu na sahihi, na ndicho nilichokitumia hapa. Udhaifu wake ni kukosa iktisadi, hasa vinapohitajika virai virefu kama 'kupungua kwa hisi ya mkao wa kiungo cha bega la kulia'.

Ya nne ni uambatishaji. Kama tulivyopata 'isimujamii' kutokana na 'isimu' na 'jamii', tunaweza kuunda 'hisimkao', 'hisimwendo' na 'hisimtetemo'. Maneno haya ni mafupi, yanaeleweka kwa sehemu zake, na yanafuata utaratibu mmoja: hisi pamoja na kinachohisiwa. Yanakaa katika ngeli ya I-ZI bila taabu: 'hisimkao ya bega imepungua', 'hisimtetemo haijaathirika'. Tena yanatenganisha kutambua kiungo kilipo na kutambua kwamba kinasogea, mambo ambayo vipimo huyatenganisha. Upungufu ninaouona ni kwamba 'mkao' kwa baadhi ya wasikilizaji ni namna ya kuketi tu. Upungufu huo unaweza kuondolewa kwa kulifafanua neno linapotumiwa mara ya kwanza.

Napendekeza basi njia ya nne kwa maandishi ya kitaaluma na ya tatu kwa kuzungumza na mgonjwa. Wanaosema kwamba kuunda maneno namna hii ni kuilazimisha lugha wakumbuke kwamba Sherrington alifanya vivyo hivyo, akachota kutoka Kilatini kwa sababu lugha yake haikuwa na neno. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo.

8. HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba bega lina hisi mbili ambazo orodha ya milango mitano haizitaji, kwamba hisi hizo hupimwa kwa swali na jibu, na kwamba swali la Kiswahili lisipopimwa nalo, jibu halina thamani. Daktari anajua uma uwekwe wapi. Anayejua kwamba 'unasikia' ni maswali matatu ndani ya neno moja ni mwanafunzi wa semantiki. Wawili hawa hukutana mara chache, na gharama ya kutokutana kwao hulipwa na mtu wa tatu.

Mjomba alipimwa tena miezi michache baadaye, na tabibu mwingine, shati likiwa limevuliwa. Safari hii aliulizwa kama chuma kinatetemeka au kimetulia. Bega la kushoto alilijibia upesi. La kulia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa sijui." Yule tabibu akaandika. Kwa mara ya kwanza, bega lilikuwa limejibu lenyewe.

MASWALI YA MJADALA

1. Tunga sentensi saba zenye kitenzi 'kusikia', kila moja ikiwa na maana tofauti. Ni zipi kati ya maana hizo zinazoweza kujitokeza wakati wa kupima hisi ya mtetemo begani?

2. Linganisha 'mkono unainuka', 'mkono unainuliwa' na 'anauinua mkono'. Eleza ni sentensi ipi inayofaa kuelezea kila kipimo cha hisi ya mkao.

3. Chunguza vitenzi vya hisi katika lugha yako ya kwanza. Je, vinaupunguza au vinauongeza utata uliojadiliwa hapa?

4. Tathmini istilahi 'hisimkao' kwa kigezo cha ukubalifu. Pendekeza mbadala na uutetee.